Barua kutoka Harrisonburg: bata mzinga wa porini na siku ya Jumapili

Harrisonburg, Virginia
Machi

Mdogo wangu,

Habari za Musoma? Wape Baba na Mama shikamoo zangu. Maswali yako mawili yamefika: la kwako, jinsi watu wa huku wanavyowinda bata mzinga wa porini, na la Baba, kwamba inakuwaje watu washike bunduki siku ya Bwana. Naanza na la Baba, kwa sababu jibu lake ndilo litakaloamua utawinda wapi utakapofika.

Jumapili ina uzito kwa mtu wa kiwandani. Wilaya hii ya Rockingham inajiita makao makuu ya bata mzinga duniani, na kando ya barabara kuu wamemsimamisha ndege wa shaba. Bata mzinga wanaosifiwa hapo ni wa kufugwa, weupe, wazito, hata kuruka hawawezi. Watu wetu wengi wako kwenye viwanda vya kuchinja kuku na bata mzinga, na Jumamosi mara nyingi ina zamu ya ziada. Ukiondoa Jumapili, msimu wote unaishia kwenye kalenda.

Kwa miaka mingi sheria ya Virginia ilizuia kuwinda Jumapili. Mwaka 2014 ikaruhusu kwenye ardhi ya watu binafsi, na mwaka 2022 ikafungua ardhi ya umma pia. Masharti yaliyobaki yashike kichwani. Usiwinde Jumapili ndani ya yadi 200 za nyumba ya ibada, yaani kama mita 183, na majengo yanayoambatana na nyumba hiyo yanahesabiwa. Makanisa ya huku yako katikati ya mashamba na misitu, mengine madogo kama darasa moja, kwa hiyo pima kwenye ramani ya simu siku moja kabla. Kwenye shamba la mtu uwe na ruhusa yake ya maandishi, mfukoni. Kulungu na dubu hawawindwi kwa mbwa Jumapili, na kwa bata mzinga msimu wa machipuko mbwa hatumiki siku yoyote.

Mwambie Baba kwamba sheria kuruhusu si mwenye shamba kuruhusu. Bonde hili limejaa Wamennonite, ndugu wa imani wa wale walioleta Kanisa la Mennonite Shirati mwaka 1934, na wako watakaokupa ruhusa Jumatatu hadi Jumamosi wakakunyima Jumapili. Usibishane. Nenda kuomba mwezi wa pili au wa tatu, mchana, bila bunduki na bila nguo za mabaka, ukaulize siku ipi na upande upi wa shamba. Mti au nguzo yenye mstari wa rangi ya zambarau maana yake ni sawa na bango la "usiingie", ingawa hakuna neno lililoandikwa.

Usije ukadhani Virginia ndiyo Marekani yote. Pennsylvania iliondoa katazo lake la zamani kwa sheria ya mwaka 2025, ikaachia tume yake ya wanyamapori ipange Jumapili zipi ziwe wazi. Maine, ambako kuna Wakongo na Warundi wengi pale Portland na Lewiston, hairuhusu kabisa, na mahakama yake ya juu ililiacha katazo hilo lisimame mwaka 2024. Kule hata kukutwa porini Jumapili na bunduki iliyo wazi ni ushahidi wa awali kwamba unawinda, isipokuwa imefungwa kwenye mfuko wake au imetenganishwa vipande visivyoweza kufyatua. Ukienda kusalimia jamaa, bunduki ilale nyumbani.

Sasa karatasi zako, na hapa usicheze. Wewe unakuja na kadi ya ukaazi wa kudumu, kwa hiyo sheria ya shirikisho haikuzuii kushika bunduki kwa sababu ya hadhi yako. Mwenye viza ya muda, kama ya masomo au matembezi, kwa kawaida haruhusiwi hata kuigusa, ila akiwa na leseni halali ya uwindaji iliyotolewa Marekani, au msamaha mwingine unaotajwa na sheria. Rafiki akikuomba umshikie mwanafunzi bunduki "dakika moja tu", uliza leseni kwanza. Kosa la bunduki linaweza kumfukuzisha nchini asiye raia, hata mwenye kadi ya kudumu.

Mwanzo mzuri ni leseni ya uanagenzi. Ni ya miaka 2, hutolewa mara moja tu, na inakuruhusu kuwinda kabla ya kumaliza kozi ya usalama mradi uwe chini ya macho ya mtu mzima mwenye leseni. Juu yake unahitaji leseni ya kulungu na bata mzinga, na ukiingia msitu wa taifa wa George Washington, huo ulio magharibi ya mji, kibali chake pia. Wiki moja kabla msimu haujafunguliwa, vijana na wanagenzi hupewa Jumamosi na Jumapili yao wenyewe. Mwenzako mzoefu hukaa pembeni yako bila kubeba bunduki. Ndege bado hawajasumbuliwa. Ningekuwa mgeni, nisingeikosa hiyo.

Msimu wenyewe huanza Jumamosi ya pili ya Aprili hadi katikati ya Mei. Ruhusa huanza nusu saa kabla ya jua kuchomoza, na kwa wiki kama tatu za mwanzo mwisho ni saa sita mchana. Wiki za mwisho ndipo unaweza kukaa hadi jua lizame. Tarehe kamili zinabadilika, zitazame kila mwaka. Ndege mmoja kwa siku, watatu kwa mwaka wa leseni, na kati ya hao wasizidi wawili wa msimu wa vuli.

Katika machipuko anayeruhusiwa ni mwenye ndevu. Ndevu hizo si za kidevuni. Ni kishungi cha manyoya magumu kama nywele za mkia wa farasi, kinaning'inia kifuani. Jogoo mzima ana sentimita 20 na zaidi, miguuni ana vipi, ile miba ya nyuma ya mguu wa jogoo, virefu vyenye ncha, na akitandaza mkia unakaa duara kamili kama kipepeo cha kujipepea. Pora ana ndevu fupi, na manyoya ya katikati ya mkia wake yamewazidi wenzake. Pora ni halali. Matetea wachache nao huota ndevu, na kwa sheria ni halali vilevile, lakini huyo ana mayai majanini na mwindaji mwenye akili humwacha apite.

Bunduki ni ya marisau (punje ndogo nyingi zinazotoka pamoja), kipenyo cha mtutu namba 12 au 20, mtutu umebanwa mdomoni ili marisau yasitawanyike upesi. Marisau ya risasi nyeusi namba 4, 5 au 6 yanafaa. Namba ikipungua punje inakuwa kubwa, na yaliyo makubwa kuliko namba 2 hayaruhusiwi Virginia. Usiende porini bila kuipima. Chora duara la sentimita 25 kwenye karatasi, simama yadi 40, kama mita 37, upige. Ukihesabu matundu 100 ndani ya duara, huo umbali ni wako. Ukipata 60, sogea yadi 30 upige tena, na hapo ndipo mpaka wako. Shabaha ni pale manyoya yanapokutana na shingo tupu. Ukilenga kifua utajeruhi ndege akafie mbali na utaharibu kidari.

Wengi hukosa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kuinua shavu kwenye kitako ili waone ndege anavyoanguka, na marisau yote hupita juu. Ya pili ni ukaribu. Ndege akiwa hatua kumi, marisau bado yamekusanyika kama chungwa, na kosa dogo la mkono ni kosa zima. Mwache akae kati ya yadi 20 na 35. Chagua miti miwili ukifika, pima kwa hatua kungali giza, ili usije kukisia. Shamba lililofyekwa hudanganya, cha mbali huonekana karibu.

Bata mzinga hulala juu ya mti. Jioni ya Jumamosi kaa barabarani usikilize wanaporuka kupanda. Mabawa yao makubwa yanasikika. Katikati ya Aprili jua hapa huchomoza kama saa 12:40 asubuhi, basi saa 11:30 uwe umeshakaa, mita 100 hadi 150 kutoka kwenye mti wao, usikaribie zaidi. Egemea mti mpana kuliko mabega yako, goti la kushoto juu, bunduki juu ya goti. Uso na mikono vifunikwe. Kanga wa kwetu ana macho, lakini huyu anamzidi. Anaona karibu pande zote bila kugeuka na rangi anazitambua. Pua yake ni dhaifu, kwa hiyo upepo usikusumbue. Kinachokuuza ni kidole kinachocheza.

Mlio unaoiga ni wa tetea. Kisanduku cha mbao kinachosuguliwa na kifuniko chake ndicho rahisi kwa anayeanza, ila kinataka chaki na hakitaki maji. Mvua ikikiloanisha kinakaa bubu, kwa hiyo tembea na mfuko wa plastiki. Kiwambo cha mdomoni huacha mikono huru lakini kinahitaji mazoezi ya wiki kadhaa (fanyia kwenye gari, majirani watakuchoka). Vyombo vya umeme vya kutoa sauti haviruhusiwi, wala kumwaga mahindi ili ndege wazoee mahali. Anza kwa milio mitatu laini akiwa bado juu ya mti, kisha nyamaza mpaka ashuke.

Hapa Jumapili inabadilisha mambo. Kwenye ardhi ya umma ndege huyo ameshasikia visanduku vya watu kumi jana. Aliyelia sana Jumamosi huwa mkimya Jumapili, anakuja bila kujibu, pole pole, kutoka nyuma. Punguza milio iwe mara moja kila dakika 20, badala yake kwaruza majani makavu kwa mkono kama tetea anayechakura. Na ingia mbali na maegesho, ambako wengi hawafiki.

Kuna jambo linalowasumbua hata wazoefu. Jogoo anakuja kwa kishindo, halafu mita 60 anasimama, anajitanua, hasogei. Si kwamba amekuona. Kwa desturi yao tetea ndiye humfuata jogoo, naye anasubiri umfuate. Kama kati yenu kuna uzio, kijito au kichaka, ndiyo kabisa. Dawa ni kuchagua kiti ambacho hakina kizuizi mbele, na akisimama, nyamaza. Dakika 40 za kimya zimeua ndege wengi kuliko kisanduku. Wala usiondoke saa mbili asubuhi kwa sababu pori limetulia. Kati ya saa tatu na saa tano matetea huenda kutaga, jogoo anabaki peke yake, na ndipo hurudi pale aliposikia sauti alfajiri.

Ukitumia ndege bandia, muweke kama mita 18 mbele yako. Wa pora aelekezwe uso kwako, kwa sababu jogoo huzunguka amkabili uso kwa uso, na hapo anakupa kifua na shingo.

Usivae nyekundu, nyeupe, buluu wala nyeusi, hata soksi, hata leso. Hizo ni rangi za kichwa na mwili wa jogoo, na kuna mtu mwingine msituni anazitafuta. Ukisikia jogoo analia, usimnyatie. Huenda ni mwindaji mwenzako na kisanduku chake. Ukimwona mtu, usimpungie mkono. Sema kwa sauti ya kawaida, "Niko hapa," ukiwa umetulia. Ndege aliyeuawa na ndege bandia wote hubebwa ndani ya mfuko wa rangi ya chungwa iliyokoza. Kidole kisiguse kifyatulio mpaka umeziona ndevu kwa macho, sio kusikia mlio, sio kuona mkia.

Akianguka, fika haraka, kanyaga shingo, jihadhari na vipi. Kabla hujamsogeza kutoka pale, weka alama kwenye leseni yako. Kisha mripoti kwa simu au programu yao kabla ya kumpakia garini au saa za kuwinda hazijaisha, lolote litakalotangulia, na uitunze namba utakayopewa. Mtoe matumbo mapema, maana Mei kuna joto.

Jogoo mzima ana kilo 8 hadi 11 na manyoya yake. Kidari kikate vipande vyembamba, kikaangwe upesi, ndani kifike nyuzi 74 za sentigredi. Mapaja na miguu ni habari nyingine: kano zake zimekuwa kama njiti za mfupa, chemsha saa tatu au nne kwa tangawizi na vitunguu, chambua nyama, ndipo uunge. Ukimwoka mzima kama wa dukani utatafuna kamba.

Kupe ni wengi na wana magonjwa. Ingiza suruali ndani ya soksi na ujikague usiku, hasa nyuma ya magoti.

Buti na nguo za mabaka usinunue huko, tutazipata hapa za mtumba. Nyama ya kukausha usibebe, itatupwa uwanja wa ndege. Dagaa wa Musoma leta, kilo mbili, wafungwe vizuri na uwatangaze kwenye fomu.

Ni mimi kaka yako.