Cheti cha Mexico na swali lililoulizwa vibaya

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nichangie suala la Bunge la Marekani kukaa na kuipima Mexico kwa namna inavyoshirikiana kupambana na dawa za kulevya. Wengi huliona kuwa ni ubabe wa taifa kubwa kwa jirani yake, na ubabe upo. Mimi, hata hivyo, naona kasoro kubwa zaidi ilikuwa katika sheria yenyewe, na mjadala wa Machi 1997 unaidhihirisha.

Sheria ya mwaka 1986 ilimtaka rais, ifikapo Machi mosi, aeleze ni nchi zipi kati ya zinazozalisha au kupitisha dawa hizo zilizoshirikiana kikamilifu. Majibu yalikuwa matatu tu: imeshirikiana (hapo ilipewa cheti), haikushirikiana, au haikushirikiana lakini maslahi ya Marekani yanalazimu isamehewe. Iliyonyimwa cheti ilikatiwa sehemu kubwa ya misaada. Bunge lilikuwa na siku 30 za kutengua uamuzi wa rais.

Februari 1997 Mexico ilitangaza kumkamata Jenerali Jesús Gutiérrez Rebollo, mkuu wa chombo chake cha kupambana na dawa za kulevya, kwa tuhuma za kumlinda Amado Carrillo Fuentes, mmoja wa vigogo wa biashara hiyo. Kilichomponza ni nyumba: alihamia kwenye makazi ya kifahari ambayo mshahara wa jeshini usingeweza kuyalipia. Wiki chache kabla, Barry McCaffrey, msimamizi wa sera ya dawa za kulevya katika Ikulu ya Marekani, alikuwa amemsifu hadharani kwa uadilifu. Siku 10 baada ya tangazo, Rais Bill Clinton aliipa Mexico cheti, na Colombia ikanyimwa kwa mwaka wa pili mfululizo.

Wabunge walihamaki, na siwalaumu. Tarehe 13 Machi Baraza la Wawakilishi liliupinga uamuzi huo kwa kura 251 dhidi ya 175, likitoa siku 90 za kupata ahadi kutoka Mexico, ikiwamo maofisa wa Marekani kuruhusiwa kubeba silaha wakiwa huko (jambo ambalo hakuna serikali ya Mexico ingelikubali mbele ya wananchi wake). Wiki moja baadaye Seneti, kwa kura 94 dhidi ya 5, ilikiacha cheti kama kilivyo na kumtaka rais alete ripoti ifikapo Septemba.

Wapo waliosema Seneti ilinywea. Nadhani ilitambua kwamba kukamatwa kwa jenerali ni ushahidi unaokata kuwili: uozo ulifika juu kabisa, na waliomkamata walikuwa Wamexico wenzake. Jenerali ni Mexico, na waliomtia pingu ni Mexico. Swali la ndiyo au hapana halina pa kuuweka ukweli wa namna hiyo.

Wanaoitetea sheria husema shinikizo lilizaa matunda. Huenda, ila mtihani unaojulikana tarehe yake huwafunza watu kukariri. Tena katika orodha ya waliopimwa hapakuwa na Marekani yenyewe, soko kubwa la bidhaa hiyo na chimbuko la bunduki nyingi za magenge ya Mexico. Kesi ya ngedere ilipelekwa kwa nyani.

Mwaka 2002 kipimo kilibadilishwa, na tangu hapo rais hutaja nchi zilizoshindwa waziwazi kutimiza wajibu wao chini ya mikataba ya kimataifa. Ni nafuu, ingawa hakimu ni yuleyule. Nchi za Amerika nazo, kupitia jumuiya yao, zilikwisha kuanzisha utaratibu wa kupimana zenyewe kwa zenyewe, ambamo Marekani hujieleza kama wengine na mtaalamu haruhusiwi kushiriki kuitathmini nchi yake. Wabunge wa Washington wanaotaka tena kuijadili Mexico wangeanza kwa kuzisoma ripoti hizo, ile ya nchi yao ikiwa ya kwanza.

Wako,
Msomaji