Barua kwa Salim: Mzinga mwepesi wa Wajerumani mezani petu

Ndugu yangu Salim,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Uliniomba niupitie ule mzinga wa Wajerumani, le.IG 18, uliouandikia kanuni kwa ajili ya mchezo wetu wa mezani wa kuigiza vita vya Normandy, Ufaransa, 1944, ambapo kila mchezaji humwendesha mhusika wake kwa kurusha dadu, nami nimekaa nao siku tatu. Naona umeufanya bunduki kubwa tu, na hapo ndipo tunapotofautiana.

Mzinga huu, ambao kampuni ya Rheinmetall ilianza kuubuni mwaka 1927, una mtutu wa milimita 75 usiofika hata urefu wa mita moja, na kombora lake la kilo 5 na ushei hutoka kwa mwendo wa mita 210 hivi kwa sekunde. Mwendo huo ndio uliokuponyoka, kwa maana sauti huenda mita 340 kwa sekunde. Ukifyatuliwa umbali wa kilomita 3, mlio humfikia mhusika wa mchezaji baada ya sekunde 9, ilhali kombora, hata lingenyooka bila kupungua kasi, lingehitaji zaidi ya sekunde 14. Jumamosi niliwajaribu vijana: nikagonga meza ngumi moja, nikanyamaza, kisha nikamuuliza kila mmoja anafanya nini. Yule ambaye mhusika wake alikuwa akimfunga majeruhi bendeji kando ya ua wa miti alizishika dadu mkononi asizirushe, akabaki akinitazama. Basi napendekeza mlio utangulie, kila mchezaji apate kitendo kimoja, ndipo kombora litue.

La pili, umempa mfyatuaji dadu za shabaha, na mara nyingi mfyatuaji huyo hakioni anachokipiga. Mtutu huinuka zaidi ya nyuzi 70, ukatupa kombora juu ya kilima au nyumba, kwa hiyo dadu ni za mwangalizi aliye mbele, anayekiona kinacholengwa na kumwelekeza mfyatuaji kwa simu. Wachezaji wakimnasa yeye, au wakiukata waya wake wa simu, mzinga unakuwa kipofu, nao watakuwa wameushinda bila hata kuukaribia.

Kuhusu uzito, andika kilo 400 na uachie hapo. Watu wachache wanausukuma kwenye ardhi kavu, ila matopeni wataomba farasi. Namna ya kuujaza, ambapo mtutu huinuka nyuma na kuachana na kitako chake, ni ya ajabu kweli, lakini iwe ya kusimulia tu, usiitungie kanuni. (Najua ulishaanza.)

Dadu zako sita za madhara nimeziacha zilivyo. Ukija mwisho wa mwezi, lete ramani yako, kwani yangu ilimwagikiwa chai ile Jumamosi nilipogonga meza.

Wako,
Hamisi