P0016 haikusema "badilisha sensa"

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niseme na madereva wenzangu, na mafundi pia, kuhusu taa ya cheki injini inapowaka na mashine ya kupimia ikasoma P0016, ambayo ni kodi, yaani namba ya hitilafu iliyotunzwa na kompyuta ya gari.

Yangu iliwaka gari likiwa linakwenda vizuri tu. Fundi wa kwanza alichomeka mashine akasema, "Mwalimu, hii ni sensa ya kamshafti." Nikanunua sensa hiyo, yaani kifaa kinachoipa kompyuta taarifa za mzunguko, akafunga, akafuta kodi. Siku ya nne taa ikarudi. Basi ni ya kranki shafti, akasema. Nayo ikafungwa, na taa ikarudi tena. Muda wote huo hakuna aliyechomoa hata kijiti cha kupimia oili.

Fundi wa pili alianza kwa maswali. Oili ilibadilishwa lini? Asubuhi ukiwasha, husikii mlio mbele ya injini unaokuja na kupotea? Mlio ulikuwepo kwa miezi: sekunde 2 au 3 za kukwaruza, kama mnyororo unaoburutwa juu ya bati, halafu kimya. Nilidhani ni baridi. Oili nayo ilikuwa nyeusi, na imeshuka chini ya alama.

Alinieleza vizuri kuliko nilivyowahi kuelezwa. Kranki shafti, mhimili unaozungushwa na pistoni, huzunguka mara 2 kamshafti, mhimili unaofungua valvu, inapozunguka mara 1, na kinachozifunga pamoja ni cheni ya taimingi. Kila moja ina sensa yake, na kompyuta hulinganisha taarifa za hizo mbili. P0016 husema tu kwamba hazipatani. Haisemi kosa ni la nani. Inaweza kuwa sensa kweli, au waya, au oili pungufu, au ile vali ndogo ya oili inayorekebisha kamshafti imeziba kwa tope. Na inaweza kuwa cheni.

Cheni ya chuma hairefuki kama mpira. Kinacholika ni pini na matundu yake, hasa oili ikichakaa. Ulaji wa kiungo kimoja huuoni kwa jicho, lakini nimefundisha hesabu maisha yangu yote na najua kitu kidogo kikijumlishwa mara mia kinakuwa nini. Kuna kikaza cheni kinachosukumwa na presha ya oili. Gari likilala usiku oili hushuka, na asubuhi cheni iliyolegea hupigapiga mpaka presha irudi. Ndio ule mlio.

Alipofungua, kikaza kilikuwa kimetoka karibu mpaka mwisho wake. Akatundika cheni ya zamani na mpya kwenye msumari mmoja. Viungo idadi ileile, nilihesabu mwenyewe, lakini ya zamani ilining'inia chini zaidi. Sensa zangu za kwanza nilikuwa nimezitunza. Alizipima, akazirudisha, na ndizo zinazofanya kazi hadi leo.

Ningeendelea kufuta kodi, siku moja cheni ingeruka meno. Katika injini nyingi pistoni hapo hukutana na valvu zilizo wazi, valvu zikapinda, na kazi ya cheni ikageuka kazi ya injini nzima.

Mafundi, nawaheshimu, lakini msifute kodi kabla ya kuiandika. Ikifutwa, inaondoka pamoja na kumbukumbu ya hali ya injini wakati taa ilipowaka: mizunguko, joto, mzigo. Mwandikieni mwenye gari kodi yenyewe, na mmwambie mmepima nini hata mkafikia kipuri hicho.

Nanyi wenye magari, mkisikia mlio huo alfajiri, urekodini kwa simu papo hapo. Mkifika gereji injini itakuwa imepata moto, na fundi hatasikia kitu.

Mwalimu mstaafu wa hisabati