Waiteni wachonga mawe kabla ya kukoroga saruji

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie majengo ya mawe yaliyosalia katikati ya Nairobi. Kila uchao naona jingine likipigwa plasta ya saruji na kupakwa rangi ya mafuta, eti linakarabatiwa. Inaniuma, kwa sababu familia yetu imelishwa na nyundo na patasi tangu enzi za babu, aliyefunzwa kazi na mafundi wa Kihindi timboni. Baba akaipokea, nasi tukaipokea kwake.

Jiwe letu la Nairobi ni jivu la volkano lililogandamana. Likitoka timboni bado lina unyevu, huchongeka vizuri, likikauka hukaza. Ndiyo maana babu hakukubali jiwe lilale wiki nzima bila kuguswa. Lina vitundu vidogo vidogo, hivyo hunywa maji ya mvua kisha huyatoa jua likiwaka. Wazee walilijengea kwa chokaa kwa kuwa chokaa nayo hupumua. Sasa ukilifunika kwa saruji na rangi nzito, maji yaliyoingia kupitia ufa au paa hayana pa kutokea. Jiwe huoza ndani kwa ndani, na baada ya misimu michache ya mvua uso wake huanza kubanduka pamoja na hiyo plasta. Hapo mwenye jengo husema jiwe ni bovu, na mazungumzo ya kubomoa huanza.

Kipande House, jengo la mawe lililoko Kenyatta Avenue, lilichorwa na Gurdit Singh Nayer mwaka 1913, na ni vyema jina lake linakumbukwa. Jiwe la msingi la Kanisa Kuu la Watakatifu Wote liliwekwa 1917 na ujenzi ukakamilika 1952. Hebu fikiria ni mikono mingapi iliyopiga kabari na kunyoosha kingo miaka yote hiyo! Hao hawatajwi popote.

Mawe yanayokatwa kwa mashine kwenye matimbo ya Ndarugu sina ugomvi nayo. Yamewapa wengi makao. Lakini ukuta wa kale ukipoteza jiwe, la kuziba pengo lazima lilingane kwa rangi na chembe, na lichongwe kwa mkono kufuata majirani zake. Wanaoweza kazi hiyo wamebaki wachache, wengi wazee.

Sheria ya Makavazi ya Taifa na Turathi ya 2006 inalinda majengo yaliyotangazwa kuwa turathi. Naomba Makavazi na serikali ya kaunti waweke sharti kwamba ukarabati wa jengo la mawe usimamiwe na mchonga mawe, na chokaa itumike. Vyuo vya ufundi navyo vituletee vijana. Tuko tayari kuwafunza papa hapa timboni.

Mchonga mawe,
Njiru, Nairobi