"Mlinionyesha Nyingine, Mkanipa Nyingine": Kuhusu Kioo cha Kamera na Lawama Zake

Jumatatu alikuja dada mmoja dukani kwetu, studio ya picha, albamu kwapani, simu mkononi, na salamu aliitoa nusu. Akaifungua albamu juu ya meza, akaweka kidole kwenye picha ya ukurasa wa tatu, ile amekaa jukwaani usiku wa kupamba, sherehe ya biarusi na wanawake wenzake. "Mlinionyesha nyingine, mkanipa nyingine." Kisha akafungua simu. Usiku ule, tukiwa chumba cha kuvalia, aliniomba aone picha moja tu. Nikamwonyesha kwenye kamera, naye akakipiga picha kile kioo cha mgongoni mwa kamera kwa simu yake. Kwenye simu uso unang'ara kama balbu. Kwenye albamu uso ni wake wa kila siku, na hina imekolea.

Si wa kwanza. Kila msimu wa harusi tunampata mmoja au wawili, na wote wana neno hilo hilo: mbona kwenye kamera ilikuwa nzuri zaidi? Wengine hawasemi kwetu, wanayasema mtaani, kwamba studio ile hupiga vizuri ikaharibu kwenye kompyuta. Sasa nimeamua kuandika.

Yule dada sikumjibu kwa maneno. Nilitoa kamera, nikatia kadi yenye picha zake (kadi ya kazi huwa hatuifuti mpaka miezi miwili ipite), nikaitafuta picha ile ile. Tukaitazama chini ya taa ya duka. Kisha nikamtoa mlangoni, saa saba mchana, jua la Mombasa limesimama wima. Hatukuona kitu ila nyuso zetu na mkokoteni wa maji uliokuwa ukipita nyuma yetu. Nikamrudisha ndani mpaka stoo, kwenye maboksi ya fremu, nikafunga mlango nikazima taa. Picha ikawaka.

"Hiyo!" akasema. "Hiyo ndiyo niliyoiona."

Picha ni moja, faili moja, hatukuigusa. Kioo cha kamera kina taa ndani yake, na ukikitazama gizani jicho lako limefunguka kunywa mwanga, basi kila kitu kinapendeza. Tena mwanga wa kioo hupandishwa na kushushwa. Mchana nikipiga maharusi pale Mama Ngina, upande wa bahari, huupandisha hadi mwisho ndipo nione chochote. Nikisahau kuushusha jioni, ukumbini kila mtu ni malaika. Karatasi haina taa. Inategemea mwanga wa pale unapoitazamia, na huyu dada albamu yake aliifungua kwanza sebuleni, usiku, stima imekatika, kwa taa ya simu. Alikubali mwenyewe.

Na simu nayo ina mambo yake. Inapopiga kioo kinachowaka gizani, hujiamulia kung'arisha na kulainisha bila kuulizwa. Kwa hiyo ushahidi alioniletea ulikuwa picha ya picha, iliyopakwa poda mara mbili.

Kioo chenyewe ni cha inchi 3, kinakizidi kiberiti kidogo tu. Muuzaji wa kamera atakwambia kina doti milioni moja na ushee, lakini hapo amehesabu nyekundu, kijani na buluu kila moja peke yake. Ukiziunganisha unabaki na vitone 720 kwa 480. Picha tunayopiga ina vitone 6,000 kwa 4,000, yaani milioni 24. Fanya hesabu: katika kila vitone 70 vya picha yako, kioo kinakuonyesha kimoja. Picha iliyotikisika hapo huonekana safi kama maji ya mtungi. Ndiyo maana unaniona navuta, navuta, mpaka kope za jicho moja zijae kioo kizima. Si kwamba nakushangaa ulivyopendeza, ingawa umependeza. Natafuta kama jicho limekamatwa au kamera imekamata kipuli badala yake.

Kitu kingine ninachotazama hapo mteja hakipendi, kwa sababu hakina sura ya mtu. Ni ile grafu ya mwanga yenye vilima. Kilima kikiegemea kulia, upande wa mwanga, mpaka kikagonga ukuta, kuna kitu kimeungua kwa mwanga, na kamera hukionyesha kwa kupepesa nyeusi na nyeupe. Ikiwa ni taa ya ukumbi, naiacha ipepese. Ikiwa ni kifua cha gauni, au kanzu mpya ya bwana harusi yenye darizi nyeupe juu ya kitambaa cheupe, napunguza mwanga hapo hapo. Palipoungua hapana kitu tena, hata uje fundi gani na kompyuta gani. Palipo giza pana kitu, tutakivuta ofisini. Kwa hiyo mara nyingine picha unayoichungulia begani kwangu ina giza kidogo kwa makusudi. Shangazi wa nyuma akinong'ona "huyu hajui kupiga," namsikia.

Halafu tunapiga faili ghafi, yaani data ya kamera kabla haijapikwa kuwa picha. Kinachoonekana kwenye kioo ni kijipicha cha JPEG ambacho kamera imejipikia yenyewe kwa rangi za kiwandani, tuweze kuchungulia. Picha yako bado unga. Anayeionja pale anaonja unga.

Nimewataja mashangazi, basi nimalize nao.

Miaka miwili nyuma tulikuwa na harusi Likoni. Nimekaa kula pilau, kamera mezani. Shangazi wa bwana harusi, mtu mzima na heshima zake, akaja: "Lete mwanangu nione." Shangazi humnyimi. Nikamwekea kwenye kitufe cha kutazamia nikaendelea na sahani yangu. Kosa ni langu, nalisema. Dakika kumi baadaye akanirudishia akicheka: "Nimekupunguzia kazi." Nilidhani mzaha. Niliporudi kupiga ndipo nikaona namba zimeruka, kutoka 0412 mpaka 0424. Alifuta kila picha aliyofumba macho au aliyoona tumbo lake limetokeza. Alama ya pipa la taka aliijua kutoka kwenye simu yake, na kamera ilipomuuliza kama ana hakika, alikuwa na hakika.

Picha kumi na moja. Kati yake zilikuwamo tatu za familia nzima na bibi mzaa baba, aliyeletwa kwenye kiti cha magurudumu kutoka hospitalini kwa saa mbili tu. Picha ya ukoo mzima huwa naipiga mara nne mfululizo, na sababu yake mteja haijui: katika watu ishirini hakuna sekunde ambayo wote wamefumbua macho. Ya kwanza shangazi amefumba, ya pili mtoto amegeuka, ya tatu bibi anatabasamu lakini bwana harusi anatazama pembeni. Ofisini tunachukua uso huku tunaupandikiza kule, na katika nne mbovu tunatoa moja nzima. Shangazi aliacha ile aliyopendeza yeye. Humo uso wa bibi umezibwa na mkono wa mtu anayetengeneza leso.

Nilitoa kadi palepale nikatia nyingine. Hili likumbuke hata kwa kamera yako mwenyewe: ukifuta kwa bahati mbaya, usipige hata picha moja zaidi kwenye kadi hiyo. Kufuta ni kama mwalimu kukata jina kwenye rejista. Mtoto bado amekaa kwenye dawati, mpaka aje mwingine apewe dawati lile. Mimi nilikuwa nimeshapiga mbili tatu kabla ya kushtuka. Zilirudi tisa nzima, na mbili nusunusu, juu watu, chini kijivu kitupu. Bibi akitabasamu alikuwa kwenye zile tisa, alhamdulillahi.

Mwingine alituletea kadi yenye picha za akidi ya kakake, kamera yao wenyewe, mtoto kafuta, nao wameendelea kupiga siku mbili nzima pamoja na video za watoto ufukweni. Tulikesha nayo. Hatukupata hata pua. Tulipomwambia kazi ni shilingi 3,000 ipatikane isipatikane, akanuna, na mpaka leo akipita hapa hutazama upande wa pili. Kompyuta ilikesha, na mimi nilikesha.

Wanaofuta husema wanaokoa nafasi. Kadi ya GB 64 inaingiza kama picha 2,000 za faili ghafi kwa kamera yetu. Nafasi ipo. Na pale ukumbini betri inaliwa na kioo kuliko na kupiga, kwa hiyo kila anayesema "hebu turudi nyuma kidogo tuone ile ya keki" anakula picha za mwisho wa sherehe yake.

Sasa jambo zito zaidi, ambalo limetufanya tuweke sheria ya kutompa mteja kamera mkononi.

Wenyeji mnajua kupamba ni siku ya wanawake pekee. Mabuibui yametundikwa, nywele wazi, asumini kichwani, na mlangoni simu za wageni zinachukuliwa. Tunaoingia ni wanawake. Ndugu yangu wa kiume, ambaye ni mpigaji mzuri kuliko mimi, habebi hata begi kupita ule mlango, na picha hizo hazikai kwenye kompyuta yake. Lakini miaka ya nyuma, kabla hatujajifunza, nilipiga kupamba Jumamosi, na Jumapili kadi ile ile ikaingia kwenye kamera ya kazi ya mahafali. Nafasi ilikuwapo, nikaona uvivu kubadilisha. Kijana wa watu akaomba kuona picha zake na joho. Akaenda mbele, akaenda mbele. Kamera ukiipita picha ya mwisho hairudi nyuma wala haisimami, inazunguka na kukupeleka ya kwanza kabisa. Ya kwanza ilikuwa mama mtu anacheza chakacha.

Kijana alikuwa na adabu, alinirudishia kamera bila neno. Mimi ndiye nilitoka jasho. Nilimpigia simu mama wa biarusi jioni hiyo nikamweleza, na sitayaandika hapa aliyonijibu. Tangu siku hiyo kila shughuli ina kadi yake, yenye karatasi ya jina na tarehe. Ukiniona nimekataa kukupa kamera, nimeshika mkanda na kukuonyesha picha mbili tatu mwenyewe, usichukulie ni maringo. Namlinda aliyekutangulia, na kesho nitakulinda wewe.

Kuna na hawa wa njia ya mkato. Bwana harusi mmoja hakutaka kulipia usafishaji wa picha. Alisema kubonyeza kitufe ndiko kazi, kompyuta ni kujiongezea bei, apewe kadi mbichi. Tukampa, ni haki yake, na tukamwambia zile ni faili ghafi. Alikozipeleka kuchapa kompyuta yao haikuzifungua. Badala ya kurudi, akatumia zile alizopiga kutoka kioo cha kamera siku ya harusi, akachapisha moja kubwa ya ukutani, na kuitia fremu ya dhahabu. Nilialikwa nikaiona. Uso wa mke wake una mistari mistari kama kikoi, maana kioo kina vitone vyake na simu ina vyake, vikikutana vinafuma. Mwezi uliofuata alikuja kwetu akalipa bei ile ile aliyoikataa. Pesa ya kwanza ilikuwa imeshaliwa kule alikochapa, pamoja na fremu.

Harusi moja tunarudi na picha 900 hivi. Kuzipitia kwenye skrini kubwa iliyorekebishwa rangi, kuchagua 120, kuhakikisha gauni la rangi ya maziwa halitoki jeupe wala la manjano, kupandikiza macho ya mashangazi, ni siku nne za watu wawili. Hiyo ndiyo bei. Baba yangu alipiga kwa mikanda ya picha 36, na mteja hakuona chochote mpaka mkanda usafishwe. Hakuna aliyemshtaki kwamba alionyeshwa nyingine. Mwaka 1995 Casio wakatoa QV-10 yenye kioo cha inchi 1.8 mgongoni, na baba alipoiona kwenye gazeti alisema, "Sasa kila mtu atakuwa fundi." Nilimwona mtu wa kizamani.

Mnaotaka kuona picha kabla ya albamu, njooni dukani siku ya tatu baada ya shughuli. Picha za kupamba mtaziona ukumbi wa ndani, na mimi au msaidizi wangu wa kike, mlango umefungwa. Hapo mtasema hii itoke na hii ibaki, na hatutozi.

Yule dada wa Jumatatu tulimchapia upya ukurasa wa tatu, nakala mbili, moja kama ilivyokuwa na moja tumeipandisha mwanga hadi ikafanana na simu yake. Alhamisi akachagua ya mwanga. Kwa macho yangu imeiua hina yote, na piko, ile rangi nyeusi ya mkononi, huioni tena, lakini ni picha yake na amelipia. Ile nyingine nimeitia kwenye bahasha, iko droo ya pili, mamake akija kuiulizia.