Wito wa Harambee: Tununue Uwele wa Niger Sasa, Wakati wa Mavuno

Ndugu Waamini, Tumsifu Yesu Kristo.

Kamati ya Huruma ya parokia yetu inawaomba mshiriki harambee ya kuwasaidia wakulima wa Niger, nchi ya Afrika Magharibi ambayo sehemu yake kubwa ni jangwa, na ambayo wakulima wake hutegemea msimu mmoja tu wa mvua, kati ya Juni na Septemba. Mtu anaweza kuuliza kwa nini tunachangisha kwa ajili ya njaa mwezi huu wa Oktoba, wakati huko mavuno ndiyo kwanza yanaingia vihengeni. Tunachangisha sasa kwa sababu hiyo hasa.

Chakula chao kikuu ni uwele, kama ilivyokuwa kwa wazee wetu hapa Dodoma. Mkulima anapovuna huwa tayari anadaiwa, hivyo huuza sehemu ya mavuno kwa bei ya kutupa, soko likiwa limefurika. Ifikapo Juni, kihenge kikiwa kitupu, hurudi sokoni kununua nafaka ileile kwa bei iliyokwisha kupanda, akipimiwa kwa bakuli liitwalo tiya. Akipeleka mbuzi ili apate fedha, hukuta majirani nao wamepeleka wa kwao, na bei imeshuka. Miezi hiyo ndiyo ya palizi, na jembe linahitaji nguvu ambazo mwenye njaa hana. Wanaume wengi huenda kutafuta vibarua Nigeria, Algeria au Libya, na mwaka wa ukame wapo wasiorudi kulima. Wanawake wanaobaki huchuma porini matunda yaitwayo anza, ambayo ni machungu kiasi kwamba lazima yalowekwe kwa siku kadhaa na maji kubadilishwa mara kwa mara kabla ya kupikwa. Fikirini kazi hiyo mahali ambapo maji yenyewe hutekwa mbali.

Mwaka 2004 nzige na ukame viliharibu mazao na malisho ya Niger. Tahadhari zilitolewa mapema, lakini misaada mingi ilifika baada ya picha za watoto waliodhoofika kuonekana kwenye televisheni katikati ya mwaka 2005. Jan Egeland, aliyekuwa mratibu wa misaada ya dharura wa Umoja wa Mataifa, alieleza wakati huo kwamba mtoto ambaye angeokolewa kwa dola 1 kwa siku sasa alihitaji dola 80. Sisi hatutaki kungoja picha.

Fedha zitakazopatikana zitanunua uwele hukohuko Niger, kwa bei ya mavuno, na kuuweka katika benki za nafaka za vijiji. Benki hizo, ambazo nyingi husimamiwa na akina mama, huhifadhi magunia hadi miezi ya njaa, kisha huwauzia wanakijiji kwa bei nafuu au kuwakopesha walipe baada ya kuvuna, ili ghala lijae tena. Watakaonufaika karibu wote ni Waislamu, na tunalisema hili wazi kwa kuwa tunaamini halipunguzi wajibu wetu hata kidogo.

Wazee wetu wanaikumbuka njaa ya mwaka 1974 na unga wa mahindi ya njano ulioletwa kutoka ng'ambo. Miaka hiyohiyo Niger ilikuwa katika ukame ulioteketeza mifugo mingi. Tunajua kwamba hata kwetu akiba zimepungua na mvua bado, kwa hiyo hatumpangii mtu kiwango.

Harambee itafanyika Jumapili ya mwisho ya mwezi huu, baada ya Misa ya pili. Asiye na fedha alete kuku, mayai, karanga au debe la mtama, navyo vitapigwa mnada palepale uwanjani. Viongozi wa jumuiya ndogondogo waanze kupokea ahadi wiki hii na kuziandika kwenye daftari. Jumla ya makusanyo itatangazwa kanisani Jumapili inayofuata, kabla ya fedha kukabidhiwa ofisi ya jimbo ili zifikishwe kwa Caritas ya Niger, shirika la misaada la Kanisa Katoliki.

Kamati ya Huruma