Yah: Malalamiko kuhusu mipangilio ya modemu isiyoandikwa popote

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Mimi ni mteja wenu wa intaneti ya laini ya simu. Wiki tatu nimeshindwa kuingia, na kila nilipowapigia nilipewa jibu lile lile: Linux hatuihudumii, weka Windows. Kosa halikuwa la Linux, mfumo endeshi wa kompyuta yangu, ndiyo maana naandika.

Modemu yangu ni ya nje. Niliipima kwa minicom, programu ya kuzungumza na modemu, kwenye /dev/ttyS0, yaani mlango wa kwanza wa serial wa kompyuta: nikaandika amri ya AT, ikajibu OK. wvdial, programu ya kupiga simu kwa modemu, ikapiga namba yenu, zikasikika zile kelele za modemu mbili kutafutana, likatokea neno CONNECT. Sekunde chache baadaye pppd, programu inayoendesha muunganisho wenyewe, ikajifunga na namba ya kosa 19, yaani upande wenu umekataa jina au nywila. Niliwasomea wahudumu wanne maneno hayo kama yalivyo kwenye logi, yaani kumbukumbu ya programu. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza nimeandika jina gani. Mmoja alinishauri nibadilishe modemu, na nusura ninunue nyingine.

Wa tano ndiye aliyenisaidia. Kumbe ile CD yenu ya Windows huongeza alama ya @ na jina la kampuni mwishoni mwa jina la mteja kabla ya kulituma kwenye seva. Karatasi mliyonipa nilipojiunga ina jina tupu. Nilirekebisha mstari mmoja, ule wa Username katika /etc/wvdial.conf, nikaingia papo hapo. Mstari mmoja, baada ya wiki tatu!

Hapo ndipo panaponiuma. PPP, itifaki inayounganisha kompyuta na intaneti kupitia laini ya simu, si siri ya kampuni yoyote. Kanuni zake zimechapishwa katika RFC 1661, hati ya wazi ya viwango vya intaneti, tangu 1994, na Linux inazifuata. Ninyi mliacha kipande muhimu ndani ya CD nisiyoweza kuitumia, kisha lawama mkaitupia kompyuta yangu.

Naomba karatasi ya wateja ichapishwe upya ikiwa na jina kamili la kuingilia, aina ya uthibitisho, PAP au CHAP (njia mbili za kuhakiki jina na nywila), na anwani za DNS, yaani seva zinazotafsiri majina ya tovuti kuwa anwani za namba. Naomba pia mnirudishie muda wote mlionikata kwa miito iliyoishia kwenye namba 19. Nimeambatisha logi yenye tarehe na saa za kila mwito. Na alichokijua mhudumu yule wa tano, wenzake wanne waelezwe wiki hii.

Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14.

Mteja wenu